Nani Afungue Kabati Lipi?

Na mwalimu wa somo la kompyuta

Wazee waliosoma zamani katika shule za Bukoba na Muleba watakumbuka jinsi vitabu vya ofisi vilivyokuwa vikitunzwa. Daftari la mahudhurio lilikaa kwa mwalimu wa darasa. Kitabu cha fedha kilikaa kwa karani, nacho kilifungiwa katika sanduku la chuma. Kitabu cha wagonjwa kilikaa kwa matroni au katika zahanati ya shule, na alama za mitihani zilikaa kwa mwalimu wa taaluma. Kila kitabu kilikuwa na kabati lake, na kila kabati lilikuwa na ufunguo wake. Aliyetaka kujua Fulani ameugua nini hakuweza kujua kwa kufunua daftari la mahudhurio. Hakuna aliyedhani kwamba utaratibu huo ni elimu kubwa. Ulikuja wenyewe tu, kwa sababu kitabu cha karatasi hakiwezi kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja, na mlango wa mbao hufungwa kwa kufuli.

Kompyuta imeyavunja makabati hayo yote. Sasa majina, alama, fedha na maradhi ya wanafunzi vimetiwa katika sanduku moja, na aghalabu sanduku hilo hufunguliwa kwa neno moja la siri. Alijuaye neno hilo ameyafungua makabati yote kwa mkupuo mmoja. Jambo hili wengi hawalioni, kwa kuwa macho hayaoni kabati lolote. Yaona kioo tu.

Katika shule moja niliyopata kufundisha kabla ya kuja hapa, walimu wote tulitumia neno moja la siri, nalo liliandikwa kwa penseli ukutani karibu na swichi ya taa. Siku moja ilionekana kwamba alama za Hisabati za mvulana mmoja wa Kidato cha Nne, ambazo zilikuwa 38, zimekuwa 83. Nani amezibadili? Kompyuta ilijibu kwamba amezibadili mtu aitwaye "ofisi". Na huyo "ofisi" ni nani? Ni sisi sote, walimu 19 na karani. Basi macho yakamgeukia yule mvulana, kwa kuwa wiki ile zamu ya kufagia ofisi ilikuwa yake, akarudishwa nyumbani mpaka shauri lake litakapochunguzwa. Nitarudi kwake baadaye. Kwanza hatuna budi kuelewa sanduku lenyewe limejengwaje.

Hifadhidata ni ghala la habari lililopangwa ndani ya kompyuta kwa namna ambayo habari moja yaweza kutafutwa, kuongezwa au kusahihishwa pasipo kuzivuruga nyingine. Zipo za namna nyingi, lakini iliyoenea kupita zote ni ile ya majedwali yanayohusiana. Aliyeiwaza ni Mwingereza aitwaye Edgar Codd, aliyekuwa rubani wa ndege katika Vita Kuu ya Pili, kisha akaajiriwa na kampuni ya IBM na kufanya kazi huko California. Mwezi wa Juni 1970 alitoa makala iliyoeleza kwamba habari zote zaweza kuwekwa katika majedwali ya kawaida, yenye mistari iliyolala na safu zilizosimama, na kwamba jedwali moja liungane na jingine kwa thamani zilizoandikwa ndani yake tu, kama vile namba.

Tuchukue mfano wa shule. Jedwali la kwanza tuliite WANAFUNZI: lina namba ya mwanafunzi, jina lake, kijiji atokacho, na jina la mlezi wake. La pili ni ALAMA: namba, somo, muhula na alama alizopata. La tatu ni ZAHANATI: namba, tarehe, ugonjwa na dawa aliyopewa. La nne ni SAFARI: namba, siku aliyotoka shuleni, mahali alikokwenda na siku aliyorudi. Tazama kwamba jina limeandikwa mara moja tu, katika jedwali la kwanza. Katika majedwali mengine mtoto ni namba 417, basi. Ukitaka kujua namba 417 ni nani, wakwenda kwenye jedwali la WANAFUNZI. Akibadilisha jina wakati wa ubatizo, twasahihisha mahali pamoja, na majedwali yote yanakuwa sahihi. Uzuri wa wazo la Codd ni huo, na hatari yake ni hiyo hiyo: namba inayoyaunganisha majedwali ni njia, na njia hupitwa na kila mtu, mwema na mbaya.

Basi kila jedwali lapasa kuwa na ruhusa zake. Ruhusa zilizo kubwa ni nne: kusoma, kuongeza mstari mpya, kubadili mstari uliopo, na kufuta. Si kitu kimoja. Mtu aweza kupewa kusoma bila kubadili, au kuongeza bila kufuta, kama vile mtu awezavyo kutia barua katika sanduku la posta asiweze kuitoa tena. Ruhusa hizi huagizwa kwa lugha iitwayo SQL, iliyobuniwa mwaka 1974 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao pia walikuwa watu wa IBM. Amri yake ni fupi, na wanafunzi wa Kidato cha Tano watanisamehe nikiwaonyesha wazazi wao sura yake:

GRANT SELECT ON zahanati TO matroni;

Maana yake ni: mpe matroni ruhusa ya kusoma jedwali la ZAHANATI. Kama matroni aandika pia habari za wagonjwa, ataongezewa neno la kumruhusu kuongeza. Asiyetajwa hana kitu. Hii ni kanuni njema ya hifadhidata hizi: jedwali likizaliwa, mwenye kuliunda peke yake ndiye awezaye kuligusa, na wengine wote wako nje mpaka waitwe ndani. Shida huanza pale mtu anapochoka kuita mmoja mmoja, akaamua kuwaita wote kwa amri moja ili watu wasimsumbue tena. Nimeona mafundi wafanyao hivyo siku ya kwanza, wakisema watarekebisha baadaye, na hiyo baadaye sijaiona bado.

Sasa mwalimu wa Jiografia apewe nini? Apewe kusoma namba na majina katika WANAFUNZI. Hizo ni safu mbili tu, maana amri yaweza kutaja safu badala ya jedwali zima. Apewe kusoma na kuongeza katika ALAMA. Asipewe kufuta. Asipewe ZAHANATI. Na safu ya mlezi je? Watu watasema kwamba mwalimu ni mzazi, na yafaa ajue kama baba wa mtoto yu hai au mtoto analelewa na bibi. Labda yafaa. Lakini hayo mtoto humweleza mwalimu amwaminiye, naye mtoto ndiye achaguaye siku ya kueleza. Hakuna haja ya kumweka wazi mbele ya walimu 19 kabla hata hajawajua majina.

Lililo gumu zaidi ni Mkuu wa Shule. Kwetu sisi, mtu mkubwa hufunguliwa milango yote, na kumwambia mkubwa kwamba huu haumhusu ni kama kumvunjia heshima. Mimi naona hapa tumechanganya mambo mawili. Heshima ni ya cheo, ruhusa ni ya kazi. Mkuu wa Shule anahitaji kuona alama zote, na anahitaji kujua kama kuna ugonjwa wa kuambukiza bwenini. Hahitaji kubadili alama kwa mkono wake, wala hahitaji kujua ni msichana gani alipewa dawa gani Jumanne. Tena kumnyima ruhusa hizo ni kumlinda: alama zikibadilika usiku, hakuna awezaye kumnyooshea kidole.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuangaliwa kwa makini, nalo ni uhamisho. Walimu wa serikali huhamishwa. Aliye Muleba leo, mwakani yuko Bukoba au Ngara. Kama ruhusa zimefungwa kwenye jina lake, akihama huziacha nyuma zikining'inia kama koti lililosahauliwa msumarini, na yeyote aweza kulivaa. Kwa hiyo hifadhidata zilizo nyingi huruhusu kuundwa kwa wadhifa. Wadhifa wa mwalimu wa taaluma hupewa ruhusa mara moja. Kisha mtu aliyeshika kazi hiyo hupewa wadhifa, na akiondoka wadhifa huondolewa kwake kwa mstari mmoja. Ruhusa zenyewe haziguswi. Mrithi wake akija huvikwa wadhifa ule ule asubuhi yake ya kwanza, wala haombi neno la siri la mtu aliyeondoka.

Kutoa ni rahisi. Kunyang'anya kuna mashaka yake, na wataalamu wamelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Mwenye jedwali aweza kumpa mtu ruhusa pamoja na haki ya kuwapa wengine. Tuseme mwalimu wa taaluma amempa karani kusoma ALAMA, na haki ya kuwapa wengine. Karani naye akampa kijana aliye katika mazoezi ya kazi. Baadaye mwalimu wa taaluma amnyang'anya karani. Yule kijana je? Kama akibaki na ruhusa yake, karani aweza kujificha nyuma yake na kusoma kama kwanza. Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade, katika maabara ya IBM huko San Jose, walieleza jibu lao: ruhusa ikiondolewa, mambo yawe kama kwamba haikupata kutolewa kamwe, na zote zilizotoka kwake ziondoke. Lakini kama yule kijana alipata ruhusa hiyo hiyo kwa mtu mwingine, kwa njia isiyopita kwa karani, yeye abaki nayo. Ndiyo maana katika mpango wao kompyuta iliandika kila ruhusa ilitolewa na nani na kwa wakati gani, ili mtu asidai kwamba alimpa mwenzake kitu kabla ya yeye mwenyewe kukipata. Katika lugha ya SQL ilivyo leo, mwenye kunyang'anya huchagua: ama zote za chini zianguke pamoja, ama amri yake ikataliwe mpaka zile za chini zimeondolewa kwanza. Ushauri wangu ni mfupi: haki ya kuwapa wengine isitolewe ovyo. Katika shule, watu wawili wenye haki hiyo wanatosha.

Wakati mwingine kufunga jedwali lote ni kuzidisha, na kulifungua lote ni kuzidisha vilevile. Hapo hutumika kile ambacho mimi hupenda kukiita dirisha. Dirisha huonekana kama jedwali, lakini halina habari zake lenyewe. Huonyesha sehemu tu ya majedwali mengine, kwa namna alivyotaka aliyelikata ukutani. Mtu hupewa ruhusa ya dirisha, wala hapewi ruhusa ya jedwali lililo nyuma yake. Mkuu wa Shule aweza kukatiwa dirisha lenye safu mbili: jina la bweni, na idadi ya wenye homa wiki hii. Akiona wagonjwa 14 katika bweni moja, ataita mganga, na hakulisoma jina hata moja.

Hapa Bukoba tumepata kuona haja ya jambo hili kwa macho yetu. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua na 6 walifariki, mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Kila aliyemgusa mgonjwa hutazamwa kwa siku 21. Fikiri orodha ya watu wa namna hiyo ilivyo. Mhudumu aendaye nyumba kwa nyumba kupima joto hana budi kuwa na jina na mahali pa nyumba. Mtu wa maabara ahitaji namba ya damu na jibu lake. Jina halimsaidii kitu. Aliye wizarani ahitaji hesabu: wangapi wanatazamwa, wangapi wamemaliza siku zao. Orodha ni moja, madirisha ni matatu. Lakini orodha nzima ikipita kwa mkono wa kila mtu, jina la nyumba yenye watu wazima wa afya litafika sokoni kabla ya siku 21 kwisha, na hakuna atakayenunua ndizi zao.

Hata jedwali likifungwa vema, yafaa kuangalia kama jirani yake hasemi siri zake. Tumefunga ZAHANATI, vema. Je, SAFARI? Tuliiacha wazi, kwa kuwa mlinzi wa geti lazima ajue nani ametoka. Sasa soma mistari ya namba 417: kila mwezi, siku ile ile, ametoka kwenda hospitali ile ile, akarudi jioni. Mtu mwenye akili hahitaji tena kufungua ZAHANATI. Dawa yake ni dirisha jingine: mlinzi aone safari za leo tu, wala asione mahali palipoandikwa aendako. Kesho hizo za leo zitakuwa zimetoweka machoni pake.

Ipo njia nyingine ya ujanja zaidi, nami niliisoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu. Mtu asiye na ruhusa ya kusoma jedwali la siri huunda jedwali lake mwenyewe, kisha huagiza kwamba kila namba itakayoandikwa ndani yake iwe ipo katika lile la siri. Halafu huanza kuandika: 415, ikakataliwa, 416, ikakataliwa, 417, ikapokelewa. Amekwisha kujua kwamba namba 417 imo katika jedwali la wagonjwa, ingawa hakusoma mstari hata mmoja. Ni kama mtu agongaye milango usiku akisikiliza mbwa yupi atabweka. Kwa ajili hiyo SQL ina ruhusa ya tano, iliyo mbali na zile nne, ya kumwezesha mtu kuliunganisha jedwali lake na la mwenzake. Asiyepewa hiyo hawezi kugonga.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Basi na tuyaache majedwali ya shule, tutazame majedwali ambayo huenda babu au shangazi wa baadhi yenu wamo ndani yake.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera. Ugonjwa ukaenea, watu wazima wakafa, na nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu. Watu wakataka kujua: kifo cha mtu mzima huifanyia nini nyumba? Watoto huacha shule? Kibanja hupungua? Benki ya Dunia pamoja na chuo cha Muhimbili, kilichokuwa wakati ule sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaanza uchunguzi mkubwa. Tangu Septemba 1991 mpaka Januari 1994 nyumba 915 zilizotoka katika jumuiya 51 za mkoa huu zilihojiwa, nyingine hata mara nne. Wenyeji waliulizwa habari za mashamba, matumizi, maradhi na vifo. Watu walipimwa urefu na uzito. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta wale wale. Nyumba zile zilikuwa zimegawanyika kuwa zaidi ya 2,700, na waliporudi tena mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya 3,300. Wengine walikutwa Mwanza, wengine Dar es Salaam, na wengine Uganda. Kazi ya vijijini ya safari hizo mbili ilifanywa na kampuni ya utafiti iliyokuwa na makao yake papa hapa Bukoba.

Habari hizo zimepangwa kama vile Codd alivyofundisha. Kuna faili la watu wa nyumba, la elimu yao, la maradhi, la mashamba, na mengine mengi, na kila mtu hutambuliwa kwa namba tatu: namba ya jumuiya, namba ya nyumba, na namba yake ndani ya nyumba. Kwa namba hizo msichana aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1992 aweza kufuatwa mpaka anapokuwa mama wa watu. Wasomi wa nchi nyingi wamezitumia, na majina hayamo katika majedwali wapewayo.

Sasa angalia ugumu wake. Kama majina yangechomwa moto mwaka 1994, nani angempata yule msichana mwaka 2004? Aliyetumwa kumtafuta alihitaji jina lake, umri, na jina la baba, ili aulize barabarani. Hakuhitaji kujua kwamba mama yake alikuwa akikonda. Na msomi aliyekaa London alihitaji sana kujua kwamba mama alikonda na kwamba mtoto aliacha shule; jina halikumsaidia kitu. Watu wawili, majedwali mawili, na namba moja katikati. Mwenye kushika vyote viwili kwa pamoja ndiye wa kuogopwa, na ndiye apasaye kuwa mmoja au wawili tu.

Hata kuondoa majina hakumalizi kazi katika mkoa kama huu wetu. Tuseme jedwali lasema: kijiji cha ufukweni katika Wilaya ya Muleba, mjane wa miaka 41, watoto 7, mashua moja. Msomi wa London hatamjua. Mtu wa kijiji kile atamjua kabla hajamaliza kusoma mstari. Kwa sababu hiyo watunzaji waangalifu huficha jina la kijiji vilevile, au huandika miaka 40 mpaka 44 badala ya 41, na hesabu zilizo ndogo mno, aghalabu chini ya 5, hawazionyeshi kabisa. Mtu aliyemwambia mgeni habari za kifo nyumbani kwake, katika miaka ile ambapo ugonjwa wenyewe ulitajwa kwa kunong'ona, alitoa kitu kikubwa. Alikitoa kwa kuwa aliahidiwa kwamba kitatunzwa.

Sheria nayo imeingia katika jambo hili. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yaagiza kwamba majibu ya kipimo yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yahesabu habari za afya na habari za watoto kuwa ni nyeti, zihitajizo ulinzi kupita nyingine, na imeunda Tume ya kusimamia. Shule ni nyumba ya watoto, kwa hiyo karibu kila jedwali letu ni nyeti.

Wazazi huniuliza kama wao wataweza kuona habari za watoto wao. Wanastahili. Lakini ruhusa ya jedwali haitoshi hapa, kwa sababu mzazi akipewa kusoma ALAMA ataona za watoto wote. Yatakiwa ruhusa ya mstari: kila asomaye aone mistari ya mtoto wake tu. Zamani ilikuwa lazima fundi akate dirisha kwa kila mzazi, au aandike programu ya kuchuja. Siku hizi hifadhidata kadhaa hufanya hivyo zenyewe; ile iitwayo PostgreSQL, ambayo hupatikana bure, imeweza tangu toleo lake la 9.5 lililotoka Januari 2016. Kanuni huandikwa mara moja juu ya jedwali, na mzazi akiuliza alama zote, hupewa zote ambazo ni zake.

Amebaki mtu mmoja, naye ni fundi mwenyewe. Katika kila hifadhidata yuko msimamizi ambaye hakuna ruhusa imzuiayo. Hatuwezi kumwondoa, kama tusivyoweza kuwa na nyumba isiyo na fundi seremala. Twaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, asitumie jina lake la usimamizi kwa kazi za kila siku. Akitaka kuingiza alama za darasa lake, aingie kama mwalimu. La pili, hifadhidata iandike katika daftari lake kila badiliko, saa yake na jina la aliyelifanya, na daftari hilo lihifadhiwe mahali ambapo fundi haandiki. Lakini daftari hilo halina maana hata kidogo kama watu wote wanaitwa "ofisi".

Na hapo ndipo namrudia yule mvulana. Alikaa nyumbani wiki 3. Katika wiki ya tatu kabati la walimu wa Hisabati lilifunguliwa kutafuta kitu kingine, na karatasi yake ya majibu ikaonekana: 83, kwa wino mwekundu. Mwalimu wake, aliyekuwa amehamishiwa wilaya nyingine siku chache tu baada ya mitihani, alipigiwa simu. Alikumbuka mara moja. Alikuwa ameingiza alama usiku akiwa amechoka, akageuza tarakimu, akagundua kosa siku ya kuondoka, akalisahihisha akiwa amekwisha kufunga mizigo, akapanda basi. Alitumia neno la siri lililokuwa ukutani, maana hakuwa na jingine. Mvulana akaitwa shuleni kesho yake. Mtihani wa majaribio wa Fizikia ulikuwa umepita, akaufanya peke yake katika chumba cha maabara, siku ya Jumamosi, mimi nikiwa msimamizi.